Unga wa Kusugulia Sufuria

Kwetu picha hupigwa midomo ikiwa imefungwa. Ukifungua albamu ya harusi ya mjomba utadhani ni picha za mazishi ya mtu aliyependwa sana. Bwana harusi amekaza midomo. Mama yangu, msimamizi, amekaza midomo. Hata katoto ka kubeba maua kamenyamaza kama shahidi aliyeonywa na wakili. Si kwamba hawakuwa na furaha. Ni meno. Upande wetu wa Elmenteita maji ya kisima yana madini, na ukiyanywa ukiwa mdogo meno yako yanaota na rangi ya chai iliyozidishwa majani. Mgeni akitukuta tukicheka anajua tumetoka wapi kabla hatujatoa kitambulisho.

Mimi nilipewa meno hayo pamoja na mdomo usiotulia. Sijui Mungu alikuwa anawaza nini siku hiyo. Ni kama kumpa mtu duka lenye mlango mkubwa katikati ya mji, halafu bidhaa zote ni makaa.

Niko kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Nakuru, na tunaishi Kiamunyi, mimi na mama. Darasani kazi yangu ni kuchekesha. Hakuna aliyeniajiri lakini sijawahi kukosa kazini. Sheria yangu ni moja: jicheke kabla hawajakucheka. Mwalimu akiingia na hasira akiuliza ni nani amemaliza chai ya walimu, mimi nainuka na kuonyesha meno. "Ni mimi, mwalimu. Ushahidi ndio huu." Darasa linaanguka chini. Mwalimu mwenyewe anageukia ubao, mabega yakitikisika.

Ila mkichunguza vizuri mtaona kwamba mimi mwenyewe nikicheka kweli, ile ya kutoka tumboni, mkono unapanda mdomoni peke yake. Mama hufanya hivyo hivyo. Hatukufundishana. Ni kama vile watu wengine hurithi shamba.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilienda kwa shosho, karibu na Kariandusi. Shosho ndiye mama yake mama. Ananiita bwana yake kwa sababu nina jina la marehemu babu, na mimi nikifika namuuliza kama amepika ama nitafute bibi mwingine. Huwa ananiambia nitafute, lakini nimtafute mwenye macho mabovu.

Sasa, jikoni kwa shosho kuna kopo la unga mweupe. Udongo wa kule ukichimba kidogo ni mweupe kama mtu amemwaga gunia la ngano, na ndio huo wanaochimba kule machimboni. Shosho huchota wake kwenye korongo nyuma ya shamba. Akitaka kuosha sufuria iliyokuwa nyeusi tititi kwa moshi wa kuni, anamwaga unga kidogo kwenye kitambaa kilicholowa, anasugua, na kabla hajamaliza kumsengenya jirani mmoja sufuria inang'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu. Mimi sina ndevu za kunyoa, lakini nilijitazama humo. Nikatabasamu. Sufuria ikanirudishia chai.

Hapo ndipo akili ya mwanasayansi ilipoamka. Nikajiuliza: kama unga huu unatoa masizi ya kuni, meno yangu ni nini?

Nilianza jioni hiyo hiyo, nyuma ya banda la kuku, mswaki kwa mkono mmoja na kopo kwa mwingine. Ladha yake ni ya kulamba ukuta. Sauti yake ni ya mtu anayekwaruza sakafu ya saruji. Kuku walinyamaza kunisikiliza. Asubuhi nikarudia, na jioni, na nikazidisha nguvu, maana shosho mwenyewe husema sufuria haibembelezwi.

"Ni panya gani huyu anakula udongo?" shosho akauliza siku moja, akichungulia kopo.

"Panya wa siku hizi hawachagui, shosho. Uchumi."

Na ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Chai ilipungua. Ikawa chai ya maziwa, halafu ikawa maziwa yenye chai kwa mbali. Siku ya kurudi nyumbani nilikuwa na kopo langu ndani ya soksi, kwenye begi.

Siku ya kufungua shule nilipita katikati ya darasa nikitabasamu kama mgombea kiti. Rafiki yangu tunayeketi dawati moja alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Wee! Umefanyaje? Umeokoka?"

"Ni maombi tu, buda."

"Wacha hizo. Niambie ni dawa gani. Nigawie hata kidogo."

Na yeye ni wa Gilgil, chai kabisa. Nilikataa. Nilitaka niwe mweupe peke yangu. Sijui kama kuna choyo nyingine duniani iliyowahi kuokoa meno ya mtu, lakini yangu iliokoa yake, na mpaka leo namkumbusha anishukuru.

Maana kilichofuata ni baridi. Asubuhi Kiamunyi kuna upepo unashuka kutoka Menengai na hauna huruma hata kwa mbwa. Nilifungua mdomo kumsalimia jirani na upepo ukaingia kwenye meno yangu kama sindano. Nikafikiri ni bahati mbaya. Nikanywa maji ya mfereji, na hapo nikajua maana ya kuona nyota mchana. Kuanzia hapo nilikuwa naenda jikoni kwa shule kuomba maji moto kwa kikombe.

"Kijana, umejifungua lini?" mpishi akaniuliza. "Mtoto ni wa kike ama wa kiume?"

Kwa kawaida ningemjibu mpaka akae chini. Siku hiyo nilinyamaza, kwa sababu kumjibu kulitaka kufungua mdomo.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko baridi yenyewe. Kucheka ni kuvuta hewa, na hewa ilikuwa adui. Rafiki yangu alisema kitu kuhusu viatu vya naibu wa mwalimu mkuu, kitu kizuri sana, kitu ambacho ningekisema mimi, na mimi nikacheka kwa pua kama ng'ombe aliye na homa. Mwalimu wa darasa aliniita pembeni kunipongeza. Alisema ameona nimekomaa. Nilitikisa kichwa kwa heshima, mdomo umefungwa, kama niko kwenye albamu ya mjomba.

Halafu nikanunua mahindi ya kuchoma.

Nilikuwa natoka shule, nikauma upande mmoja, nikasikia kitu kikivunjika ambacho hakikuwa mahindi. Nilitema mkononi. Katikati ya punje kulikuwa na kipande kidogo kama kigae, na ulimi ulipoenda kukagua, jino la juu la mbele halikuwa na kona.

Mama hakuhitaji kuambiwa. Nilisema "Shikamoo" na ile "sh" ikatoka na upepo wa pembeni. Mama husema niko na adabu tu nikiwa na makosa. Akawasha tochi ya simu.

"Fungua. Fungua vizuri, hujaficha dhahabu humo." Akachungulia. "Meno yako yameenda wapi?"

"Si ni hayo, mama."

"Haya ni nusu. Yameisha kama sabuni." Akazima tochi. "Unataka kuwa kama mjomba wako?"

Hapo mzaha uliisha. Mjomba, yule bwana harusi, ndiye watu husema nilirithi mdomo wake. Zamani, wanasema, hakuna sherehe ya upande wetu iliyoanza kabla hajafika. Akishika kipaza sauti hata maiti ingecheka. Halafu baada ya harusi meno yake ya mbele yakavunjika, yakaoza, akaenda akang'olewa yote ya juu ya mbele, na hakurudishiwa chochote. Siku hizi anakaa nyuma. Ukimwuliza kitu anajibu kwa nyusi. Mimi nimemjua akiwa hivyo tu, mtu mkimya anayekata nyama vipande vidogo vidogo, na nilikuwa nadhani wanaosema alikuwa mchekeshaji wanamchanganya na mtu mwingine.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu vichekesho vyote ambavyo ningevijibu kwa nyusi.

Daktari wa meno tuliyempata mjini ni mama mfupi anayeongea bila kituo. Nimekutana na waongeaji, lakini huyu ana silaha: anakujaza vidole na vyuma mdomoni kwanza, halafu ndio anaanza maongezi. Nilikutana na mwenzangu na sikuweza kujibu hata neno.

"Sasa wewe, hii rangi ya kahawia naijua, ni maji ya kwenu. Hiyo si kosa lako. Lakini hii kazi nyingine hapa juu si ya maji. Hapa kuna fundi amepita. Unatumia nini kupiga mswaki?"

"Akeye," nikasema. Nilitaka kusema Colgate.

Akatoa vidole. "Rudia."

"Dawa ya meno tu, daktari. Ile ya kawaida."

"Ya duka gani?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa ananitazama kwa lile jicho la kanisani. "Ya sufuria," nikasema.

Ikabidi nieleze yote: shosho, korongo, kopo, banda la kuku. Daktari alisikiliza kwa utulivu, kisha akageuka ukutani kidogo, mabega yakatikisika kama ya mwalimu wangu. Aliporudi alikuwa ameukaza uso.

"Sikiza. Ile rangi haikuwa juu ya jino. Iko ndani, jino lilizaliwa nayo. Na jino la maji ya kwenu gamba lake ni laini, lina vishimo vishimo, linabanduka haraka. Wewe hukuosha jino. Ulilichonga. Umekuwa ukipiga randa mlango ukifikiri unafuta vumbi."

"Lakini yalikuwa meupe," nikasema.

"Hata mlango ukiupiga randa unakuwa mweupe. Halafu unakuwa dirisha."

Kisha akaanza kupima. Alishika pamba iliyopuliziwa kitu cha baridi kama barafu, akagusa jino moja. Niliruka mpaka kiti kikalia.

"Vizuri sana!" akasema.

Nilitaka kumwuliza kama ana watoto na kama wanampenda. Akagusa la pili, nikaruka tena. "Vizuri. Jino linalopiga kelele liko hai. Mimi huogopa lililonyamaza." Akagusa lile lililovunjika kona.

Nikangoja kuruka. Sikuruka.

Akagusa tena, akaiacha pamba pale. Kitu kikaja kwa mbali, pole pole, kama mtu anayeitwa akiwa shamba la chini. Nikainua mkono. Yeye hakusema vizuri.

"Hili limechelewa kujibu," akamwambia mama. "Tulipige picha. Kama mshipa wa ndani umeshaharibika na mzizi una shida, huenda likatoka. Na likitoka la mbele, kwa umri wake, si jambo la kufanyia haraka. Wacha tuone kwanza."

Nilipelekwa kwenye chumba kidogo, nikauma kiplastiki, mashine ikalia tii, nikarudi kwenye kiti. Daktari akaenda kuangalia kompyuta yake. Kwa mara ya kwanza alikuwa amenyamaza, na nikagundua ule ukimya wake siupendi kabisa. Mama alikuwa amekaa pembeni, mkono uko mdomoni, na hakuna mtu aliyekuwa anacheka. Nilikuwa nafikiria nyusi zangu. Hata si nzuri. Moja iko juu ya nyingine.

"Njooni muone," daktari akasema.

Jino likionekana kwa ndani ni kama mshumaa, na katikati kuna uzi mweusi, ndio mshipa. Alituonyesha kwa kalamu. Kati ya uzi na pale nilipokuwa nimesugua kulikuwa kumebaki utando mwembamba kama ganda la kitunguu.

"Hapa ndipo ulipofika na sufuria zako," akasema. "Na hapa ndipo ungefika likizo ya Disemba. Mzizi uko sawa. Mshipa umejificha nyuma kidogo lakini uko hai. Hatung'oi kitu."

Nilikuwa na kichekesho tayari, kizuri, nilikuwa nimekiandaa kwa matokeo yoyote. Hakikutoka. Yaliyotoka ni machozi, na nikasema ni ile taa.

"Taa imezimwa," mama akasema. Lakini alisema kwa upole, na akanipa leso yake.

Kazi yenyewe haikuisha siku moja. Kwanza alinisafisha fizi. Kisha akaingia nyuma, kwenye magego, ambako aligundua mashimo ya peremende nilizokula tangu nikiwa chekechea, akayajaza. Mdomo ukiwa umekufa ganzi nilirudi shule na uji ukanitoka pembeni wakati wa mapumziko, rafiki yangu akanipangusa na tai yangu mwenyewe. Halafu siku ya meno ya mbele ikafika.

Daktari alitoa kitu kama funguo za mlinzi wa jengo, ila badala ya funguo kuna vijino, kila kimoja na rangi yake. Anakiweka kando ya jino lako anaangalia kipi kinafanana.

"Nataka hicho cha mwisho," nikasema. Kilikuwa cheupe kama choo kipya.

"Hicho hapana. Ukifungua mdomo gizani magari yatasimama."

"Ndio nataka hivyo."

"Kijana, meno yako ya chini na ya pembeni bado ni ya kwenu. Nikikuwekea haya manne peke yake meupe hivyo, utakaa kama ua lililopakwa rangi upande wa barabarani tu." Akashika kingine, cheupe kilichotulia, cha maziwa ya asubuhi. "Hiki. Mama unaonaje?"

Mama akainama, akaangalia kwa makini sana. "Hicho," akasema. "Akae bado ni mtu wa kwetu."

Nilibishana, lakini mtu mwenye pamba mdomoni hashindi kesi. Alipaka kitu chachu, akasuuza, kisha akaanza kujenga kwa dawa laini kama unga wa chapati, tabaka kwa tabaka, na kila tabaka analipiga taa ya buluu linakauka. Anajenga huku akinisimulia kichekesho kirefu kuhusu mbuzi aliyepelekwa benki, na mwisho wake ulikuwa mbovu. Niliteseka pale. Nilijua mwisho mzuri zaidi na sikuwa na mdomo.

Kisha akachonga, akalainisha, akanipa kioo.

Sikujitambua kwanza. Kona ilikuwa imerudi. Meno yalikuwa marefu kama ya mtu, si kama ya mzee aliyetafuna miwa maisha yake yote. Nikavuta hewa taratibu, kwa hofu, kama mtu anayepima maji kwa kidole. Hewa ikaingia. Hakuna kilichouma. Nikavuta tena. Daktari akalipulizia jino langu upepo wa mashine na mimi nikakaa tu, mfalme.

"Daktari," nikasema, "yule mbuzi. Mwisho wake ulitakiwa mbuzi ndiye amwombe meneja kitambulisho."

Akaacha vyuma vyake. Akacheka mpaka barakoa ikashuka. Na mama akacheka, na mama alikuwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, kwa hiyo alicheka hivyo hivyo, wazi, kahawia yote nje, na kwa kweli ni meno mazuri, yamepangana. Sikuwa nimewahi kuyaona yote kwa pamoja.

Nilipewa masharti: mswaki laini, dawa ya dukani, mahindi nipukuchue kwa vidole, na usiku nivae kinga ya plastiki kwa sababu nasaga meno nikilala. Rafiki yangu aliposikia habari ya hiyo kinga alisema hatimaye kuna kitu kinaweza kunifunga mdomo.

Jumapili moja tukaenda kwa shosho. Mjomba alikuwepo, ameketi kwenye ngazi. Shosho alinishika mashavu, akanikagua kama ndama wa mnada.

"Bwana yangu amerudi na meno ya kijana. Sasa utaniacha."

"Nimeshapata mwenye macho mabovu, shosho."

Mama alikuwa amemsimulia yote kwa simu, kopo na yote. Shosho hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka nje kando ya ua, pale pana sufuria kuukuu aliyopandia vitunguu. Nimeiruka hiyo sufuria tangu nijifunze kutembea. Aliiinua. Chini kulikuwa na tundu la kuingia ngumi, kingo zake nyembamba kama karatasi.

"Hii ilikuwa ya harusi yangu," akasema. "Unafikiri ilitobolewa na nini? Panya wako wasiochagua?"

Kwanza nilisikia sauti nyuma yetu ambayo sikuijua. Ilikuwa kama mtu anayekohoa, kisha ikafunguka. Alikuwa mjomba. Alikuwa amejishika magoti, anacheka, pengo lote wazi, bila mkono mdomoni. "Wa siku hizi hawachagui," akasema kwa shida, maneno yakipita na upepo. "Wanakula mpaka aluminiamu!"

Tuliangua kicheko wote, kuku wakakimbia. Kumbe hawakuwa wakimchanganya na mtu mwingine.

Baadaye, nikiwa kwenye tangi la maji ya mvua, mjomba alikuja akasimama kando yangu. Aliangalia mlima kwanza, kama mtu aliyekuja kuangalia mlima.

"Huyo daktari wenu," akasema, "watu wakubwa pia anatengeneza?"

"Anatengeneza. Ila ujiandae, mjomba. Vichekesho vyake ni vibaya sana."

"Hivyo niachie mimi," akasema.

Nilifungua mfereji. Maji yalikuwa baridi ya kuuma vidole. Nikajaza kikombe, nikayanywa yote bila kupumzika, na meno yangu hayakuuma hata moja.